Mtoto asiyeruhusiwa kulia: uchambuzi wa kisa cha msongo wa wazazi kabla na baada ya upasuaji wa moyo

Kisa hiki ni cha familia moja iliyomleta mtoto kufanyiwa upasuaji wa kurekebisha tetralojia ya Fallot, kasoro ya moyo ya kuzaliwa, katika hospitali ya rufaa nchini Tanzania. Majina, mkoa na tarehe vimeondolewa, na mambo madogo yanayoweza kuitambulisha familia yamebadilishwa. Mtoto ataitwa K. Wazazi wake ni Mama K, mwenye miaka 26, na Baba K, mwenye miaka 31. Kimeandikwa kwa ajili ya wauguzi, madaktari, maofisa ustawi wa jamii na wanasihi wanaokutana na wazazi wa namna hii wodini na kliniki.

Hali ya familia kabla ya kufika

K alikuwa na miaka 2 na miezi 5, uzito kilo 9.6. Umri huo ni mkubwa kwa upasuaji huu. Pale ambapo ugonjwa hugunduliwa mapema na huduma ipo karibu, moyo wa aina hii hurekebishwa mara nyingi kabla mtoto hajatimiza mwaka. K aligunduliwa akiwa na miezi 15, baada ya kutibiwa nimonia mara tatu katika zahanati. Miezi 14 iliyofuata ilikuwa ya kusubiri: eko (kipimo cha picha ya moyo), rufaa, fedha, nafasi.

Moyo wenye tetralojia una tundu kati ya vyumba viwili vya chini, njia nyembamba ya kupeleka damu kwenye mapafu, mshipa wa aota uliokaa juu ya tundu hilo, na ukuta wa chumba cha chini cha kulia ulionenepa. Njia nyembamba ikijibana ghafla, damu isiyo na oksijeni hupita kwenye tundu na kwenda mwilini. Akina mama wodini hawasemi lolote kati ya hayo. Husema tu, "Mtoto amebadilika." Midomo, ulimi na kucha huwa bluu au nyeusi, mtoto huhema kwa nguvu, halafu hulegea. Kinachoanzisha hali hiyo mara nyingi ni kulia. Choo kigumu, homa, kupungukiwa maji na kuamka asubuhi pia huweza kuianzisha.

Mama K alifundishwa na daktari wa mkoa kumkunja mtoto magoti yafike kifuani, kumtuliza, na kumpa propranololi, dawa ya kuzuia hali hiyo, kwa saa maalumu. Alifanya hivyo vizuri sana. Kwa hesabu yake mwenyewe, K alibadilika mara 19 katika miezi 14, mara mbili akapoteza fahamu. Nyumbani ikawekwa sheria moja: K asilie. Kaka yake wa miaka 7 alijua kumwachia kila anachokitaka, hata daftari la shule likichanwa. Usiku mama alilala ameegemea ukuta, kiganja kikiwa kifuani kwa mtoto. Maelezo haya yalipatikana siku ya kwanza wodini na yakaandikwa kwenye faili chini ya kichwa "historia ya ugonjwa". Hakuna aliyeyasoma kama historia ya mama.

Mambo mawili mengine yalikuwa yamemwelemea. La kwanza ni hatia. Alikuwa amemeza dawa za malaria kabla hajajua ana mimba, na mama mkwe alishasema mara kadhaa, "Kwetu hatujawahi kuwa na ugonjwa huu." La pili ni fedha. Baba K, dereva wa bodaboda, alikopa kwenye kikoba, na kilipokwisha akachukua mkopo wa kausha damu kwa dhamana ya pikipiki yenyewe. Mkewe hakujua.

Siku 9 za kusubiri wodini

Mama K alifika na mtoto peke yake. Baba alibaki kutafuta hela ya rejesho. Oksijeni kwenye damu ya K ilisoma asilimia 74, chini mno, na himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) 18.5, juu mno. Upasuaji ulipangwa siku ya tano.

Familia ilitakiwa kupata wachangiaji damu wanne. Kwa mtu mwenye ndugu mjini hilo ni simu mbili tatu. Mama K hakuwa na ndugu mjini. Kwa siku tatu alizunguka na karatasi ya benki ya damu, akiwaomba walinzi na vijana wa bodaboda getini, huku amemwacha K kwa mama wa kitanda cha jirani na kukimbia kurudi kila nusu saa. Alilala kwenye mkeka barazani, akala mara moja kwa siku kwa mama ntilie. Juu ya hayo alikuwa amefunga kwa maombi.

Siku ya nne alipata kizunguzungu na kuanguka akiwa na mtoto mkononi. Hapo ndipo muuguzi wa zamu alipomwita mnasihi. Alipimwa kwa madodoso mawili ya Kiswahili: PHQ-9 ya sonona (alama 0 hadi 27) na GAD-7 ya wasiwasi (0 hadi 21). Kwa yote mawili, alama 10 na kuendelea humtaka mhudumu achunguze zaidi. Alipata 16 na 17. Swali la tisa la PHQ-9, linalouliza mawazo ya kujidhuru au ya kuona ni heri kufa, alijibu "siku kadhaa". Alipoulizwa kwa utulivu, pembeni ya wodi, alisema hana mpango wa kujidhuru. Anachoomba ni kwamba kama K atakufa, naye asiamke.

Usiku wa siku hiyo mtoto mwingine alifariki ICU (chumba cha wagonjwa mahututi). Asubuhi akina mama waliona godoro limekunjwa na hakuna mhudumu aliyesema neno. Kufikia mchana habari zilizokuwa zikizunguka wodini zilikuwa tatu tofauti, zote za kutisha. Siku ya tano K alinyimwa chakula tangu usiku, na saa 5 asubuhi ikatangazwa kuwa hakuna kitanda ICU. Akalia kwa njaa. Akabadilika.

Maamuzi ya timu, na sababu zake

Timu ilikaa dakika 25 siku hiyohiyo: daktari wa moyo wa watoto, muuguzi kiongozi, mnasihi na ofisa ustawi wa jamii.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumpatia mama mahali pa kulala kabla ya kumpa ushauri wowote. PHQ-9 ina maswali ya usingizi, uchovu, hamu ya kula na umakini. Mtu anayelala barazani na kula mara moja atapata alama kwenye maswali hayo hata kama hana sonona. Ustawi wa jamii walimpatia kitanda katika chumba cha akina mama na milo miwili kwa siku. Mchungaji wake alipigiwa simu, naye mwenyewe akamwambia avunje funga na wao nyumbani waiendeleze kwa niaba yake. Neno hilo lingetoka kwa muuguzi lisingekubalika. Baada ya usiku mbili alipimwa tena: PHQ-9 ikashuka hadi 11, na jibu la swali la tisa likawa "hapana kabisa". GAD-7 ilibaki 15. Kwa hiyo tatizo la kufanyiwa kazi lilikuwa zaidi wasiwasi. Daktari mmoja alipendekeza apewe diazepamu alale; ikakataliwa, kwa sababu mama ndiye mlinzi pekee wa mtoto anayebadilika usiku, na usingizi wake ulikuwa umerudi bila dawa.

Wa pili: damu isiwe kazi ya mama. Ofisa ustawi aliwasiliana na kitengo cha damu, na kanisa moja la jirani likaleta wachangiaji sita.

Wa tatu: baba aje. Fomu ya ridhaa ingeweza kusainiwa na mama, lakini kila alipoulizwa alisema, "Namsubiri baba yake." Timu ililichukua hilo kama suala la sahihi na likatatuliwa kwa nauli ya basi. Nyuma yake kulikuwa na jambo jingine, litakaloonekana baadaye.

Wa nne: kujibu hatia moja kwa moja. Jibu la kawaida la daktari, "chanzo hakijulikani," mama alikuwa ameshalisikia mara nne, na kila mara alilielewa kuwa wanamficha. Safari hii daktari alianza kwa kumuuliza yeye anafikiri chanzo ni nini. Alipotaja vidonge vya malaria, daktari alimwonyesha kwenye karatasi jinsi moyo wa mimba unavyokamilika kuumbika ndani ya wiki 8 hivi za mwanzo, akamuuliza alimeza vidonge lini, wakahesabu pamoja. Ilionekana alivimeza mimba ikiwa na karibu wiki 11. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Mama mkwe naye unaweza kumwambia hivyo?" Daktari akampigia bibi simu palepale.

Wa tano: kumwandaa mama kwa ICU. Alipelekwa mlangoni siku moja kabla, akaonyeshwa picha za mtoto mwenye mrija wa kupumulia mdomoni, mirija ya kifuani, nyaya za kusisimua moyo zinazotokea chini ya kidonda, na mkanda wa oksimita, kipimo cha oksijeni ya damu, kidoleni. Mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa ametoka ICU wiki iliyopita alikaa naye jioni nzima.

Wa sita: K awe wa kwanza kwenye orodha, na dripu ianze mara anapoacha kunywa. Chakula kizito kiliachwa saa 6 kabla, maji ya kawaida saa 2 kabla. Kwa mtoto wa bluu mwenye damu nzito, kumwacha mkavu tangu jioni ni hatari ya kiafya. Kwa mama aliyeweka sheria ya kutolia, ni saa kumi za hofu tupu.

Siku ya upasuaji na saa 24 zilizofuata

K aliingia saa 2 asubuhi, siku ya tisa. Wazazi, baba akiwa ameshafika, waliambiwa kazi itachukua kama saa 4 na kwamba muuguzi aliyepangwa kwa familia atawaletea taarifa kila baada ya saa moja na nusu. Taarifa ya kwanza ilikuja: amelala, mashine ya moyo na mapafu imeanza. Ya pili ikaja: tundu limezibwa kwa kiraka. Saa 8 mchana zamu ilibadilika, muuguzi wa familia akaenda nyumbani, na hakuna aliyeachiwa jukumu lake. Upasuaji ulichukua saa 6 na dakika 40, kwa sababu njia ya mapafu ilihitaji kiraka cha ziada. Saa ambazo wazazi walizihitaji zaidi ndizo zilizokosa taarifa.

Usiku moyo wa K ulianza kwenda mapigo 185 kwa dakika kwa mpangilio usio wa kawaida, umeme ukitokea kwenye makutano ya vyumba vya juu na vya chini. Ni tatizo linalojulikana vizuri baada ya kurekebisha tetralojia, na matibabu yake yanajulikana: kupunguza dawa ya adrenalini, kumpa amiodaroni na magnesiamu za kutuliza mapigo, dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, na kuupoza mwili. K alipozwa hadi nyuzi 34.5.

Saa 11 alfajiri mama aliruhusiwa kuingia dakika tano. Alishika unyayo wa mtoto. Ulikuwa wa baridi, na mtoto hakutikisika hata kidogo. Alipiga kelele, akatolewa nje na mlinzi. Muuguzi wa kitanda hakuweza kuacha mashine. Daktari wa zamu alikuwa kitanda kingine. Mama alimpigia mumewe, aliyekuwa amelala kwa jamaa yake nje ya mji, akamwambia, "Ametutoka." Baba akapiga nyumbani.

Taarifa kamili aliipata saa 4 asubuhi, raundi ilipokwisha. Zilikuwa zimepita saa 5. Wakati huo majirani walishaanza kukusanyika kwa bibi, na mtu alikuwa ameenda kukodi turubai.

Daktari bingwa alipoelewa kilichotokea aliwaketisha wazazi wote wawili, akaweka simu kwenye spika ili bibi naye asikie, na akaeleza kwa mpangilio wa mambo manne: nini kinaendelea sasa, tunafanya nini, tunatarajia nini, na taarifa inayofuata ni saa ngapi. "Mtoto yu hai. Moyo unakimbia mno. Tumempoza kwa makusudi ili usikimbie, ndiyo maana ukimgusa ni wa baridi. Tumempa dawa asijitikise. Tunategemea siku mbili tatu. Saa 8 mchana nitawaambia tena, hata kama hakuna kilichobadilika." Saa 8 alirudi. Kwa maneno ya baba, kurudi kule ndiko kulikomfanya aamini yale ya asubuhi.

Mapigo yalitulia baada ya saa 40, mwili ukapashwa moto polepole. Mrija wa kupumulia ulitolewa siku ya nne, ya kifuani siku ya sita, akahamia wodini siku ya saba na kuruhusiwa siku ya 14. Oksijeni: asilimia 97.

Nyumbani

Maelekezo ya kuondoka yalikuwa mazuri kwa upande wa mwili. Mtoto anyanyuliwe kwa kumkinga mgongoni na matakoni, si kwa kumvuta mikono. Asibebwe mgongoni kwa kanga kwa wiki 6 mpaka mfupa wa kifua uunge. Arudishwe haraka akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, kidonda kikitoa usaha, akivimba uso, akihema haraka, au akitapika na kuzubaa wiki za mwanzo, maana maji yanaweza kujaa kwenye mfuko wa moyo. Propranololi ilisimamishwa, na hilo liliandikwa.

Simu zilipigwa siku ya 2, 7 na 14. Zote ziliuliza kidonda, homa, kula na dawa. Majibu yalikuwa "salama" kwa yote.

Kliniki ya wiki ya tano K alikuwa ameongezeka gramu 900 na mama amepungua kilo 4. PHQ-9 ilikuwa 9, GAD-7 14. Alipoulizwa usiku unakwendaje, alieleza: huamka kila saa kumgusa K nyayo kama zina joto, zikiwa za baridi, humwamsha. Ndoto ni moja, ile ya unyayo. Harufu ya dawa ya kusafishia mikono humtetemesha, na asubuhi ya kliniki alikaa nje ya geti dakika 40 kabla ya kuingia. Na K bado hakuwa ameruhusiwa kulia. Kaka yake alikuwa amepelekwa kwa shangazi kwa sababu "anamliza mwenzake".

Baba naye alipimwa kwa mara ya kwanza siku hiyo. GAD-7 yake ilikuwa 13. Pikipiki ilishachukuliwa.

Kilichofanyika kuanzia wiki ya tano

Tukio lililobadilisha mambo halikupangwa. K alitolewa damu, akalia kwa nguvu zote. Mama alimrukia kumkunja magoti. Muuguzi hakumzuia, alimfunga K oksimita kwenye kidole cha mguu na kusema, "Mama K, tuangalie namba pamoja." Kabla ya upasuaji, K akilia, namba ilikuwa ikishuka hadi hamsini na kitu, na mama aliwahi kuiona kwa macho yake. Sasa mtoto alilia dakika nne. Namba ilicheza 95 hadi 97. Mama aliiangalia, akaangalia midomo ya mtoto, akaketi chini.

Kuanzia hapo mnasihi alijenga mpango wa hatua. Wiki ya kwanza K aachwe alie dakika moja kabla ya kubebwa, kisha mbili, kisha tano. Baba ndiye ashike saa. Mhudumu wa afya ya jamii alikuwa na oksimita ndogo, akaenda nayo nyumbani mara mbili wiki ya kwanza, mara moja ya pili, kisha akaacha kuibeba kwa makusudi: kifaa kikikaa nyumbani kitageuka kiganja kingine kifuani. Kugusa nyayo usiku kulipunguzwa kwa ratiba: mara tatu, mbili, moja kabla ya kulala.

Vikao vilikuwa vitano, kwa mfumo wa PM+ (Problem Management Plus) wa Shirika la Afya Duniani unaoweza kuendeshwa na mhudumu asiye mtaalamu wa akili akifunzwa na kusimamiwa: kupumua kwa utulivu, kutatua tatizo moja moja, kurudia shughuli zilizoachwa, na kuimarisha watu wa kumshika mkono. Viwili vilifanyika uso kwa uso, vitatu kwa simu. PM+ haikuundwa kuwa tiba ya kiwewe, hivyo kikao cha ziada kilifanywa na mnasihi mwandamizi kuhusu ule usiku: alipitia na mama karatasi ya ICU saa kwa saa, pamoja na jedwali la joto la mwili, mpaka mama akaonyesha mwenyewe kwa kidole mstari ulipoanza kupanda kutoka 34.5.

Matokeo

Miezi 6 baada ya upasuaji K alikuwa na kilo 12.1. Mama: PHQ-9 4, GAD-7 6. Baba: GAD-7 8. Kaka alirudi nyumbani mwezi wa tatu baada ya upasuaji. Deni halijaisha. Baba anaendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu ya siku, na ugomvi wa ndoa kuhusu ule mkopo uliofichwa ulihitaji wazee wa pande zote mbili, si hospitali.

Uchambuzi

Jambo kubwa la kisa hiki ni kwamba tabia zilizoonekana kuwa ugonjwa wiki ya tano zilikuwa ujuzi miezi miwili kabla. Kutolala, kugusa, kuzuia kilio, kumkunja magoti: yote haya yalimweka K hai mara 19. Mama alifunzwa na hospitali kuwa hivyo. Propranololi ilisimamishwa kwa maandishi, kwa tarehe na sahihi. Ulinzi wa mama haukusimamishwa na mtu yeyote. Hakuna mstari kwenye fomu ya kuruhusiwa uliosema: "Sasa anaweza kulia, hatabadilika kwa sababu hiyo." Kwa wazazi wa watoto wenye tetralojia sentensi hiyo inapaswa kuandikwa, kusemwa kwa wazazi wote wawili, na inapowezekana kuonyeshwa kwa oksimita kabla ya kutoka wodini. Nafasi za kuionyesha hazikosekani. Mtoto hulia kila anapobadilishwa bandeji.

Kumwambia mama "usiwe na wasiwasi" kulijaribiwa siku ya kuruhusiwa, kwa nia njema. Halikufanya kazi na halingeweza, maana lilishindana na ushahidi wa miezi 14 aliokuwa nao mikononi. Namba aliyoiona mwenyewe, mtoto akilia, ilikuwa ushahidi mpya.

Maandalizi ya ICU yalifanikiwa nusu. Mirija haikumtisha, alisema hivyo. Lakini alionyeshwa mtoto ambaye mambo yake yanakwenda sawa. Mapigo ya aina ile baada ya tetralojia si ajabu ya kutokea mara moja kwa miaka kumi, na kupozwa kwa mwili ni kitu kinachoonekana na kuguswa. Ilitosha kuongeza maneno mawili: anaweza kuwa wa baridi kwa sababu ya matibabu, na anaweza asitikisike kwa sababu ya dawa. Muuguzi wa mlangoni angeweza pia kuyasema kabla mama hajaingia, kwa sekunde kumi. Mama mwenzake aliyemwandaa alimpunguzia upweke, ila mtoto wake alikuwa na tundu la kawaida na mrija ulitolewa jioni ileile. Mama K aliingia akitegemea hivyo, na siku ya pili alishaanza kuhesabu kuchelewa kama dalili ya kifo. Anayeoanisha wazazi aangalie aina ya ugonjwa, si wodi.

Mpango wa taarifa uliegemea mtu mmoja badala ya nafasi, na mtu alipotoka ukafa naye. Jina la mwenye jukumu la familia liandikwe kwenye ubao wa zamu kama linavyoandikwa la mwenye funguo za dawa, na likabidhiwe. Muda nao usemwe kwa upana. "Saa 4" ilipopita, kila dakika ikawa habari mbaya. "Kati ya saa 4 na 8, na nikiona inapita nitakuja kuwaambia" isingekuwa na gharama yoyote.

Saa 5 kati ya kelele za alfajiri na maelezo ya saa 4 ndizo zilizoacha kovu. Tiba ya mtoto usiku ule ilikuwa sahihi kwa kila kipimo. Kovu la mama halikutokana na kosa la kitabibu, na ndiyo sababu halikuingia kwenye ripoti yoyote ya tukio mpaka kisa hiki kilipochambuliwa. Mlinzi aliyemtoa nje ndiye mtu pekee aliyekuwa naye. Mlinzi wa ICU afundishwe kitu kimoja: mzazi akitolewa, muuguzi kiongozi aitwe ndani ya dakika 15.

Kupima mapema kulikuwa na faida, na kupima tena baada ya kulala kulikuwa na faida zaidi. Bila kipimo cha pili mama angeandikiwa dawa za sonona kwa hali ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa njaa na baraza. Swali la tisa, hata hivyo, halisubiri kitanda. Mnasihi alilifuatilia palepale, na alifanya vyema.

Kuhusu kifo cha yule mtoto mwingine, ukimya wa wahudumu ulitokana na kulinda siri ya familia nyingine. Lakini inawezekana kusema, "Usiku tumempoteza mtoto mmoja. Ugonjwa wake ulikuwa tofauti na wa mtoto wako. Una swali?" bila kutaja jina wala kitanda.

Baba ndiye aliyekosewa zaidi kimyakimya. Alisomwa kama mtu asiyejali kwa sababu hakuwepo, ilhali kutokuwepo kwake ndiko kulikuwa namna yake ya kuhangaika. Akina baba wengi huonyesha msongo kwa kukopa, kukasirika, kunywa au kupotea, na dodoso linakaa kwenye meza ambayo mama peke yake ndiye anayeifikia. Simu moja ya ofisa ustawi yenye swali "hela unaitoa wapi?" ingeibua mkopo kabla pikipiki haijakwenda, na pengine ingeeleza kwa nini mama alikuwa akimsubiri ili asaini: alishaanza kuhisi kuna jambo analofichwa, na hakutaka kubeba uamuzi peke yake.

Hali hii si ya familia moja. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 kuhusu wazazi wa watoto wenye magonjwa makubwa ya moyo ya kuzaliwa yaliona hadi asilimia 30 wakiwa na dalili zinazolingana na ugonjwa wa kiwewe, na asilimia 25 hadi 50 wakiwa na dalili za juu za sonona, wasiwasi au vyote. Tafiti hizo kwa sehemu kubwa si za kwetu. Wengi wa wazazi waliomo humo hawakutafuta wachangiaji damu getini.

Lililobaki wazi

Mama hataki mimba nyingine. Alielezwa kuwa uwezekano wa mtoto anayefuata kuwa na tatizo la moyo ni takriban 3 kati ya 100, na akapewa uzazi wa mpango kama alivyoomba. Daktari aliandika kuwa suala hilo lisiguswe tena mpaka mama alianzishe mwenyewe.

Kiraka cha njia ya mapafu kimeiacha valvu (mlango wa damu) ya njia hiyo ikivuja, kama inavyotokea mara nyingi, na huenda K akahitaji valvu mpya akiwa kijana. Baba ameshaambiwa. Mama aliambiwa tu kuwa K ataangaliwa kwa eko kila mwaka. Timu iligawanyika: nusu walitaka aambiwe yote siku ya kuruhusiwa, nusu wakasema alikuwa na mengi ya kutosha. Sasa baba ana siri ya pili. Kikao cha wote wawili kimewekwa kwenye kliniki ya mwezi wa tisa baada ya upasuaji, na nauli ya baba imeshaombwa.